Mtoto Aliyeokotwa Jaani

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa hivi, kwetu Kisauni, nilisema uongo mbele ya baba, mama na bibi yangu kwa wakati mmoja, na uongo wenyewe ulihusu ulimi wa ndugu yangu. Nimeuungama kwa Mungu mara nyingi. Lakini kila nikiinuka kwenye sala naona bado upo, umekaa pale pale kama mgeni asiyejua kuaga. Labda nikiuandika utaondoka.

Ilikuwa ile miaka ya arubaini, miaka ya vita. Bandari ya Kilindini ilijaa meli, na baba yangu alikuwa kuli huko. Alivuka daraja la kuelea la Nyali alfajiri na kurudi jioni na vumbi la saruji hadi kwenye kope. Mama alilima muhogo na mtama nyuma ya nyumba, upande wa Ziwa la Ng'ombe. Mimi nilikuwa kifungua mimba. Baada yangu mama alizaa watoto wawili, na wote wawili walikufa kabla hawajajua kutambaa. Baba aliwazika kwa sala na nyimbo za kanisa, maana sisi ni watu wa kanisa tangu Ribe, kijiji chetu cha asili, na baada ya yule wa pili aliacha kuimba nyumbani.

Alipozaliwa wa tatu, Hawe akashuka kutoka Ribe kwa miguu. Hawe ndivyo sisi tunavyomwita bibi, na huyu alikuwa mama yake baba. Hakuuliza mtoto anafanana na nani. Siku ya tatu, kabla jua halijachomoza, alimviringisha mtoto katika gunia kuukuu akaenda kumlaza jaani, juu ya maganda ya muhogo na majivu. Bi Khadija, jirani yetu, Mswahili wa hapo hapo Kisauni, alikuwa ameshapangwa. Akaja kama mtu apitaye njia tu.

"Jamani! Nani kanitupia mtoto hapa?" akapaza sauti. "Kama hana mwenyewe, mimi nimeokota!"

Akamchukua, akaja naye hadi mlangoni kwetu, akasema yeye hana maziwa, je, kuna mtu wa kumlelea? Mama akampokea na kumpa Bi Khadija kibaba cha mtama, kama mtu aliyenunua. Tangu hapo mtoto akaitwa Jaa. Baba siku ile aliondoka mapema kuliko kawaida ili asione. Baadaye mchungaji alimbatiza, akamwita Danieli, lakini jina hilo lilibaki katika kitabu cha kanisa. Nyumbani halikutamkwa.

Hawe alimpa mama masharti nikiwa nimekaa hapo hapo napembua mchele. "Usimwite mwanangu. Usimwimbie. Usicheke naye wala usizungumze naye. Mpe ziwa, mfunike, basi. Mauti yana masikio. Husikiliza mama anazungumza na nani."

"Hadi lini?" mama akauliza.

"Hadi meno ya utoto yaanze kung'oka."

Mama akatii. Tena alitii kupita alivyoagizwa. Alimnyonyesha akiwa ameugeuza uso wake ukutani. Mtoto akihitaji kitu, mama aliniambia mimi: "Naomi, mtoto wa Bi Khadija ana njaa." "Naomi, mtoe mtoto wa watu juani." Baba naye, ukiacha uchovu, alikuwa mwanamume wa zama zile, na wanaume wa zama zile hawakuzungumza na watoto wachanga. Na Jaa akaishi! Akatambaa, akasimama, akakimbia. Sasa nani angethubutu kusema masharti ya Hawe ni upuuzi? Kila asubuhi mtoto alipoamka mzima, ilikuwa kama Hawe ameshinda tena kesi.

Alipopita miaka mitatu ndipo watu walipoanza kuulizana. Jaa hakuwa akisema neno. Hata "mama" hakusema. Alikuwa na "mm" moja ya kutaka na nyingine ya kukataa, na kidole. Watoto wenzangu walikuwa wakituimbia njiani, "Jaa bubu, Jaa bubu, kaokotwa na mbu!" nami nawarushia mawe. Lakini hapa ndipo penye aibu yangu. Mimi ndiye niliyekuwa na mtoto huyu mgongoni kutwa, na kunyamaza kwake kulinifaa. Sikuwa na haja ya kumsemesha. Kidole chake kikinyanyuka tu, nimeshampa, nimeendelea na michezo yangu. Zaidi ya hayo, sukari ilikuwa imeadimika wakati wa vita, na kile kipande cha sukari guru alichotiliwa kwenye uji, mimi nilikuwa nikikitoa kwa kijiko na kukila. Nikaendelea hadi nikawa nakunywa na nusu ya uji wenyewe. Angemwambia nani? Yeye alinitazama tu, kisha akanicheka. Kicheko hicho kimenifuata hadi uzeeni.

Baada ya mavuno Hawe akaja tena. Siku hiyo ilikuwa Jumanne, jioni, na baba amesharudi kazini. Hawe akampakata Jaa, akamfungua kinywa kwa kidole gumba kama mtu anayenunua mbuzi.

"Ana uzi," akasema. "Ulimi umefungwa kwa chini. Kuna mzee mmoja kule Mwakirunge, mkono wake mwepesi. Anakata mara moja tu."

"Anakata na nini, mama?" baba akauliza.

"Na wembe. Ulitaka akate na jani?"

Tulikuwa tukimjua msichana mmoja, kwenye njia ya kwenda Kongowea, aliyekatwa namna hiyo. Alitoka damu siku mbili, na hata alipokuwa mkubwa alisema kama mtu mwenye kiazi cha moto kinywani. Baba alimjua vizuri. Akavua kofia yake, akaiweka gotini.

"Mama, mtoto huyu amebatizwa. Ana Mungu wake."

Hawe hakupandisha sauti. "Huyo Mungu nilimwachia wawili, mwanangu. Wako wapi?"

Baba akaigeuza ile kofia gotini. Mimi ni mtu wa kanisa, nimefundisha watoto sala kwa miaka mingi, na hadi leo sijui ningejibu nini mahali pake. Nikamtazama mama. Alikuwa anamenya muhogo, na kisu chake hakikusimama hata mara moja. Hapo ndipo nilipoogopa. Nikajua Jaa atapelekwa.

"Amesema!" nikapiga kelele.

Wote wakanigeukia.

"Nani amesema?" Hawe akauliza.

"Jaa. Jana, kisimani. Amesema maji."

"Mara ngapi?"

"Mara mbili." Uongo ukishapata mguu mmoja huutafuta wa pili.

Ningependa kuandika kwamba nilidanganya kwa huruma. Huruma ilikuwepo, Mungu anajua. Niliuona ule wembe kana kwamba umeshawekwa mbele yangu. Lakini kulikuwa na hofu nyingine nyuma yake. Niliogopa kwamba yule mzee akikata, ulimi utafunguka kweli, na neno la kwanza la Jaa litakuwa habari ya uji.

Hawe akanitazama usoni. Hakuniamini, lakini hakutaka kuniita mwongo mbele ya baba. "Vyema," akasema. "Jumapili mkitoka kanisani atalisema mbele yangu. Akilisema, nitarudi Ribe nikiimba. Asiposema, Jumatatu ni Mwakirunge."

Sijawahi kuwa na siku ndefu kama zile, Hawe akishinda kwa Bi Khadija na baba bandarini. Jumatano nilimchukua Jaa nyuma ya nyumba, nikamwekea kata ya maji. "Jaa, sema maji. Maji!" Akatazama mkono wangu. Hakutazama kinywa changu, kwa sababu kwangu yeye alikuwa amezoea mkono ndio unaosema. Nikarudia hadi koo likaniwasha. Nikamfinya. Akalia kidogo, kisha akanipa kidole chake nimpulizie, kwa kuwa nikimwumiza huwa nampuliza.

Alhamisi nikaona dawa ni kiu. Tangu asubuhi sikumpa maji. Jua la siku ile lilikuwa jua kweli. Nikajaza kata, nikanywa mbele yake taratibu, nikamwambia, "Ukitaka, sema." Akavuta kanga yangu. Akaonyesha kidole. Nikamgeuzia uso. Alipochoka kulia akatambaa hadi penye mtungi, na nilipogeuka nikamwona anaramba mtungi kwa nje, pale unapotoka jasho.

Mama alikuwa amesimama mlangoni na jembe begani. Sijui alisimama kwa muda gani.

"Naomi!"

"Abee."

"Unamfanya nini?"

Nikamwambia yote. Kwamba Jaa hakusema kitu, kwamba nimedanganya, kwamba Jumapili itafika na hatasema. Habari ya uji sikuitaja. Nikangojea kofi. Mama akaweka jembe chini, akachota maji, akamnywesha mwenyewe. Jaa alikunywa macho yake yakiwa yamemkazia yeye juu ya kata, na mara hii mama hakugeuza uso. Nikapata ujasiri, au nilichanganyikiwa, nikauliza lile ambalo sikuwa nimewahi kuliwaza hadi lilipotoka.

"Mama, mbona wewe humsemeshi?"

Akamfuta Jaa kidevu kwa pindo la kanga.

"Niliwasemesha wale wawili," akasema. "Yule wa pili alikuwa akisikia sauti yangu tu, anacheka."

Nikauchukua mtungi nikaenda kisimani.

Ijumaa mama akaniambia nibaki nipike, akambeba Jaa mwenyewe kwenda shambani. Hilo halikuwa jambo la kawaida. Nikaacha chungu motoni, nikawafuata kupitia mabua ya mtama. Nikasikia sauti ya mama, ya chini, kama ya mtu anayetoa siri.

"Huu muhogo. Unauona? Huu umeliwa na panya. Basi tutautupa, ehe? Tutautupa. Na huu? Huu mzuri, huu wa baba."

Akanyamaza, akatazama nyuma yake, akatazama juu, kama mwizi. Halafu akaendelea. Alimwambia jina la jembe, na la mdudu aliyekuwa kwenye jani, na kwamba mvua itachelewa. Alimwambia habari za ndugu zake wawili, majina yao, ambayo mimi sikuwa nimeyasikia tangu wazikwe. Sauti ilimkauka, akakohoa, akaanza tena; ungedhani ni mtu aliyefungiwa miaka mitatu na sasa mlango umefunguliwa kidogo. Jaa alikuwa ameketi kwenye tuta mbele yake. Kidole chake hakikuonyesha kitu. Alikitazama kinywa cha mama. Halafu akasimama, akamwendea, akatia vidole vyake vyenye udongo ndani ya kinywa kile, kama anatafuta sauti inakotoka.

Mama akavibusu. Na mimi, kule kwenye mtama, badala ya kufurahi niliona wivu. Nilijiona nimenyang'anywa. Chungu kiliungua, nikapigwa kwa hilo, na nilistahili.

Jumapili ikafika. Tulipotoka kanisani tulimkuta Hawe amekaa kwenye mkeka uani, na Bi Khadija amekuja na mtandio wake mzuri. "Mimi ndiye mwenye mtoto," alikuwa akisema. "Kesi ya mwanangu nisialikwe?" Baba alibaki amesimama na nguo zake za kanisani.

Hawe akaweka kikombe cha maji mkekani.

"Jaa, hii nini?"

Jaa akakitazama kikombe. Akamtazama Hawe. Akanyoosha kidole.

"Sema. Hii nini?"

"Mm."

Kuku alikuwa akichakura majani uani. Hawe akanigeukia. "Naomi, ulisikia wewe peke yako?"

Nilijua la kusema. Lilikuwa neno moja, "Nilidanganya," na nilifundishwa katekisimu kwa ajili ya siku kama ile. Sikulisema. Nilitazama vidole vya miguu yangu.

"Naomi alidanganya," mama akasema. "Na mtoto haendi Mwakirunge."

"Mtoto gani haendi?" Hawe akauliza, na nadhani alimwuliza ili kumpa nafasi ya kujibu vizuri, kujibu kwa masharti: mtoto wa Bi Khadija, mtoto wa watu.

Mama akainuka. Akasema kwa sauti, si ile ya shambani, sauti ambayo ingefika barabarani: "Danieli. Danieli mwanangu. Nimemzaa mimi."

"Astaghfirullah," Bi Khadija akasema, akajiziba mdomo.

Hawe akapiga viganja vyake viwili. "Umemwita! Umemwita mbele ya kila kitu!" Alikuwa analia. Nilikuwa sijamwona Hawe akilia, hata kwenye yale makaburi mawili. Akafunga nguo zake, akaondoka bila kula, jua la mchana, safari ya Ribe, na baba akamkimbilia kumsindikiza na hakuweza kumrudisha.

Bi Khadija alibaki mkekani. Mwishowe akasema, "Basi, mimi nimenyang'anywa mtoto mchana kweupe, wallahi," akacheka, na machozi yanamtoka. Mama akakaa karibu naye. Akaikalia mikono yake miwili.

Msidhani mtoto alifungua kinywa kesho yake. Hakusema kitu mwezi ule wala uliofuata. Na nyumba yetu haikutulia. Akipiga chafya sote tulisimama. Mimi niliamka usiku nikaweka kiganja mbele ya pua yake. Masika ilipoanza homa ikamshika, siku tatu mwili unawaka, na hakuna aliyesema tulilokuwa tukiliwaza. Bi Khadija alileta mwarobaini. Mama hakuacha kumsemesha, hata pale mtoto alipokuwa anafumba macho na hasikii. Alisema naye kama mtu anayeishikilia kamba. Siku ya pili baba hakwenda kazini. Akapiga magoti penye kitanda, nami nikafumba macho nikidhani anaomba. Kumbe anamweleza habari za bandari. Anamweleza meli inavyofungwa, na jinsi winchi inavyonyanyua gari zima kama mtoto wa paka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia baba akizungumza na mwanawe.

Siku ya nne Jaa akatoka jasho, akaomba uji kwa kidole. Nikampa wote, na sukari yake.

Kisha, asubuhi moja ambayo haikuwa na jambo lolote, kuku wa Bi Khadija aliingia jikoni kwetu kama ilivyo desturi yake. Mama alikuwa nje. Jaa alikuwa ameketi kizingitini. Akanyoosha mkono, akakunja uso, akasema kwa sauti ya mama kabisa, na ukali wake wote: "Toka! Toka wewe!"

Bi Khadija alikuwa akipita. "Naomi! Nani huyo kamfukuza kuku wangu?"

"Danieli," nikasema.

Akaja mbio mtandio umeanguka. "Mtukane tena, baba! Mtukane kuku wangu tena!"

Akamtukana tena. Na kutoka siku hiyo hakunyamaza.

Hawe alirudi mwaka uliofuata. Danieli akamwuliza kwa nini miguu yake ina nyufa na kwa nini hana meno ya mbele, na Hawe akajibu maswali yote, moja moja. Lakini jioni alinivuta kando akaniuliza, "Anakula vizuri? Hakohoi?" Hadi anakufa hakumwita Danieli hata mara moja. Alimwita Jaa, kwa sauti ya chini, akitazama pembeni. Nilipokuwa msichana niliona ni ukaidi. Sasa naona alikuwa bado anamficha.

Wapo wanaosema ni imani za giza, na mimi mwenyewe nimewahi kusema hivyo mbele ya kina mama kanisani, kwa kiburi. Nimewaona pia watoto wengine waliochelewa kusema, na si wote walikuwa na mama mwenye kugeuza uso. Mengine ni ya Mungu. Lakini kwa ndugu yangu najua. Masikio alikuwa nayo, na ulimi alikuwa nao. Sisi sote watatu wa nyumba ile tulikuwa tumemzunguka kila siku, tunampenda, na hakuna aliyempa hata neno moja. Na mimi niliyekuwa karibu zaidi ndiye niliyekuwa na faida katika kunyamaza kwake. Uongo wangu ulimpa siku tano, hilo nalishukuru. Lakini si mimi niliyemtoa katika kimya kile.

Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza nilikuwa mke wa mwalimu wa kanisa, Biblia iko juu ya meza. Siku ya tatu mama akaja kunitazama. Nilikuwa nanyonyesha. Akasimama pale mlangoni, nami nikashangaa ananitazama nini, hadi nilipojikuta nimeugeuza uso wangu ukutani, na tangu asubuhi sikuwa nimemwambia mtoto neno.

Nikaanza kujitetea. Nikasema nimechoka tu.

Mama akaketi kitandani, akaushika uso wangu kwa mikono miwili, akaugeuza, hadi nikawa natazamana na mtoto.

"Msemeshe," akasema. "Msemeshe na hofu yako hivyo hivyo."